Saa Zilizokwenda na Milton

Huku Florida ya kati watu wengi hawaanzi kukiogopa kimbunga mpaka wasikie Disney inafunga. Gavana atatangaza hali ya dharura, kaunti itataja shule zitakazopokea watu, televisheni itaonyesha ramani ileile tangu alfajiri, na bado jirani yangu, mama mmoja mwenyeji wa Puerto Rico, ataniuliza kutoka uani kwake: "Disney wamesemaje?" Ana haki ya kuuliza. Walt Disney World, zile bustani kubwa za burudani karibu na Orlando, ilifunguliwa Oktoba 1, 1971, na haikufunga milango kwa ajili ya kimbunga hadi alipokuja Floyd, Septemba 1999. Tangu hapo imefunga kwa Charley, Frances na Jeanne, vyote vitatu katika msimu mmoja wa 2004. Kwa Matthew mwaka 2016, kwa Irma 2017, kwa Ian 2022. Bustani zinazoingiza fedha kila saa zikiwaambia wageni wakae vyumbani, mtu mwenye akili hutoka kwenda kununua maji na betri.

Jumanne, Oktoba 8, 2024, Kimbunga Milton kikiwa njiani, tangazo likatoka. Bustani za Disney zingefungwa kwa awamu kesho yake, na Alhamisi zisingefunguliwa. Universal, bustani nyingine kubwa za burudani, wakasema wanafunga Jumatano saa nane mchana. SeaWorld vilevile. Uwanja wa ndege wa Orlando ulikuwa usimamishe safari za abiria Jumatano saa mbili asubuhi, kwa hiyo aliyekuwa hajaondoka kabla ya hapo alikuwa haondoki tena.

Mimi nilikuwa kazini, mapokezi ya hoteli moja ya kawaida kwenye barabara ya 192, Kissimmee. Simu ziliita bila kupumzika. Waliopiga walikuwa wa aina mbili. Wapo waliokuwa na chumba na wakataka kujua kama watarudishiwa fedha zao, na wapo waliokuwa wakikimbia kutoka Tampa, St. Petersburg na Bradenton, wakitafuta chumba chochote, hata chenye kitanda kimoja kwa watu sita. Nikimaliza na mama anayelia kwa sababu watoto wake wamevuka bahari nzima kuja kuona jumba lililofungwa, napokea mzee aliye barabarani na mbwa wawili, hajui kama nyumba yake ataikuta.

Nataka kuandika juu ya wote hao. Lakini zaidi nataka kuandika juu ya watu wasiopiga simu mapokezi, kwa kuwa wao ndio wanaozijibu, ndio wanaotandika vitanda, na ndio wanaofagia matawi ili Ijumaa asubuhi mgeni aingie bustanini akadhani hakuna kilichotokea.

Kwanza kimbunga chenyewe. Milton kilipewa jina Jumamosi, Oktoba 5, kikiwa upande wa magharibi wa Ghuba ya Meksiko. Kufikia Jumatatu, Oktoba 7, kilikuwa daraja la 5, la juu kabisa, upepo ukivuma kwa kilomita 290 kwa saa, na mgandamizo wa hewa katikati yake ukashuka hadi milibari 895, kiwango ambacho vimbunga vichache mno vya Atlantiki vimewahi kukifikia. Siku mbili tu. Maji ya Ghuba yalikuwa na joto kupita kawaida, na kimbunga hupata nguvu zake kutoka kwenye maji ya joto. Familia iliyopanda ndege Ijumaa haikuacha nyuma habari ya kimbunga chochote chenye jina hilo. Kabla tiketi zao hazijaisha, meya wa Tampa, Jane Castor, alikuwa akiwaambia watu wa maeneo ya kuhamwa, waziwazi kwenye televisheni, kwamba wakibaki watakufa.

Na watu wa pwani ile walikuwa bado hawajapumua. Kimbunga Helene kilikuwa kimepita Septemba 26. Kilitua mbali kidogo, kaskazini, lakini kikasukuma bahari ndani ya nyumba za Ghuba ya Tampa. Milton kinakuja, na magodoro, makabati na mazulia yaliyolowa maji ya chumvi bado yamerundikwa kando ya barabara. Wengi walikimbilia kwetu kwa sababu Orlando iko bara, mwendo wa saa moja kwa gari kutoka pwani iliyo karibu. Barabara ya I-4 ikajaa. Vituo vingi vya mafuta vikakauka. Mji wa likizo ukawa mji wa hifadhi, na vyumba vilevile vilivyokuwa na taulo zilizokunjwa kwa ajili ya watoto wa likizo vikapokea bibi mwenye mashine ya oksijeni.

Wiki hiyohiyo binamu yangu anayeishi Columbus, Ohio, alikuwa ameleta familia yake. Anafanya kazi ghalani, mkewe anahudumia wazee majumbani. Walikuwa wamejibana kwa muda mrefu. Tiketi ya siku moja ya mtu mzima kuingia Magic Kingdom, mojawapo ya bustani za Disney, huzidi dola 100 hata siku za bei nafuu, na hapo hujala, hujalipia maegesho, hujamnunulia mtoto hata kofia. Binti yao mkubwa alikuwa na daftari aliloandika ratiba yote, bustani gani siku gani, na mahali pa kupiga picha. Jumatano mchana alinifuata mapokezi akiwa amelikumbatia.

"Shangazi, kama upepo unapita usiku, asubuhi si tutakwenda?"

"Tutaona, mamangu."

Nimesoma watu mtandaoni wakiwacheka wanaolilia likizo wakati wengine wanalilia paa. Mimi siwezi kuwacheka. Nimekaa kwenye kaunta ile muda wa kutosha kujua nani huja Orlando. Wanakuja matajiri, ndiyo, lakini wanakuja pia madereva wa malori, walimu, wauguzi wa zamu ya usiku, watu wanaopata mapumziko mara moja na kuyalipia kwa mikopo ya kadi. Mtu akipoteza siku mbili za likizo ya namna hiyo, amepoteza kitu cha kweli. Wifi yangu alikaa kitandani akipiga hesabu kwenye simu, hakusema neno kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama nyumba waliyokuwa wameikodi kwa siku za mwisho ingewarudishia chochote. Haikurudisha.

Kuhusu kurudishiwa, yafaa kusema wazi namna mambo yalivyo, kwa sababu wengi huyajua wakiwa wamechelewa. Disney wana utaratibu wao: Kituo cha Taifa cha Vimbunga, kilichoko Miami, kikitoa onyo la kimbunga kwa eneo la Orlando au kwa mahali mgeni anapoishi, ndani ya siku saba kabla ya kufika kwake, anaweza kuahirisha au kufuta bila kutozwa ada yao. Utaratibu mzuri. Lakini hauigusi ndege, wala nyumba uliyopanga kwa mtu mwingine, wala gari. Na bima ya safari inayonunuliwa baada ya kimbunga kupewa jina haikilipii kimbunga hicho, maana kimeshajulikana. Ndiyo maana Milton kiliwaumiza watu wengi: kati ya kupewa jina na kuwa jitu palikuwa na mwisho wa wiki mmoja.

Usiku wenyewe nilikuwa hotelini. Meneja aliomba baadhi yetu tubaki, nami nikabaki pamoja na mwanangu, tukalala chumba kimoja na jamaa zangu wa Columbus. Milton kilitua karibu na Siesta Key, kusini mwa Tampa, Jumatano saa mbili na nusu usiku, kikiwa kimepungua hadi daraja la 3. Kilikata Florida yote, kitovu chake kikapita kusini mwa Orlando usiku wa manane, na kabla ya mapambazuko kilikuwa kimetoka upande wa Atlantiki kwa Cape Canaveral.

Ukiwa ndani, unachokijua ni sauti. Upepo ulibana madirisha, ukaachia, ukabana tena. Mvua ilipita ubavuni mwa jengo. Anga likawaka kijani mara kwa mara, transfoma za umeme zikilipuka mbali. Simu zote kwenye korido zililia kwa pamoja kutangaza tahadhari ya kimbunga kidogo cha nchi kavu, ile tornado, tukawatoa watu vyumbani tukawakalisha chini sakafuni, mbali na vioo. Walikaa hapo mama wa Uingereza na watoto wake wenye masikio ya Mickey, na wavuvi wa Bradenton, na wahudumu wetu wawili wa vyumba. Mzee wa mbwa wawili aliwagawia watoto biskuti. Binti wa binamu yangu aliandika majina ya mbwa kwenye daftari lake.

Tahadhari zile hazikuwa za kutisha watu bure. Saa kadhaa kabla kimbunga chenyewe hakijatua, tornado zilizozaliwa kwenye mikanda yake ya nje zilipiga upande wa pili kabisa wa jimbo. Katika Kaunti ya St. Lucie, kwenye makazi ya wazee yaitwayo Spanish Lakes, watu sita walikufa. Hao hawakuwa kwenye eneo la kuhamwa. Hawakuwa karibu na bahari ya Ghuba. Walikuwa katika nyumba nyepesi, zile zinazoletwa zikiwa zimeshajengwa na kuegeshwa kiwanjani, ambazo upepo wa namna ile huzipeperusha.

Nyumba za aina hiyo zimejaa pia huku kwetu, kaunti za Osceola na Polk, na wanaokaa humo ni sehemu kubwa ya watu wanaoendesha utalii. Baada ya kimbunga Andrew kuifumua Florida ya kusini mwaka 1992, jimbo lilitunga kanuni za ujenzi zenye nguvu, zilizoanza kutumika kote mwaka 2002. Hoteli mpya na majumba ya bustani yamejengwa kwa kanuni kali. Anayezisafisha hurudi jioni kwenye nyumba ambayo kila tangazo la kimbunga humwambia ahame.

Mmoja wao ni mwenzetu kutoka Bukavu. Tulijuana kwa Kiswahili, yeye akiongea chake cha Kongo, mimi cha Mombasa, na wageni wakidhani tunaimba. Jumatano aliambiwa asije. Alhamisi hoteli ilifanya kazi na watu wachache waliolala humo, naye akaambiwa asije. Ijumaa, Oktoba 11, Disney na Universal zilifungua, na simu ikampigia mapema: njoo, vyumba vyote vinahitaji kusafishwa, wakimbizi wa kimbunga wanaondoka na wageni wanarudi. Kwake hapakuwa na umeme. Alikuja. Nilipomuuliza ameamkaje alisema, "Nimekuja sababu hapa kuko mwangaza, batoto wanaweza kucharge simu." Watoto wake walikaa siku nzima karibu na mashine ya kufulia nguo, wakichora.

Sasa nipige hesabu yake, kwa kuwa hakuna ramani ya televisheni inayoionyesha. Kiwango cha chini cha mshahara Florida, tangu Septemba 30, 2024, kilikuwa dola 13 kwa saa. Shifti mbili za saa nane ni saa 16. Saa 16 ni dola 208, kabla ya makato. Kwa mtu anayelipa kodi ya nyumba kwa wiki, dola 208 ndizo zinazoamua kama mwenye nyumba atagonga mlango.

Na sheria iko upande gani? Sheria ya kazi ya shirikisho inamtaka mwajiri amlipe mfanyakazi wa saa kwa saa alizofanya tu. Mahali pakifungwa kwa kimbunga, saa hizo hazipo. Mtu wa mshahara wa ofisini, yule asiyehesabiwa saa, akifanya kazi hata sehemu ya wiki hiyo na mahali pakafungwa kwa uamuzi wa mwajiri, hulipwa wiki yake yote. Yaani kimbunga kimoja, jengo moja, na anayekaa ghorofa ya juu kwenye kompyuta analipwa, anayesukuma mkokoteni wa mashuka halipwi. Upo msaada wa serikali kwa waliokosa kazi kwa maafa, lakini umetengenezwa kwa mtu aliyepoteza kazi kwa wiki na wiki, wenye fomu na kungojea. Na malipo ya kawaida ya ukosefu wa kazi Florida hayazidi dola 275 kwa wiki. Aliyekosa siku mbili hana fomu ya kujaza. Ninalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimekaa na watu wazima wakihesabu sarafu kwenye chumba cha kupumzikia, siku ileile ambayo ukumbini mgeni alikuwa akitabasamu kwa vocha ya fidia.

Wenzetu wanaofanya kazi Disney wenyewe wana muungano wa vyama vya wafanyakazi, na mwaka 2023 ulipigania hadi mshahara wa kuanzia ukafika dola 18 kwa saa. Chama kikiwepo, angalau pana meza ya kukalia na kuuliza: tukifungwa tunalipwaje? Hoteli nyingi za barabara ya 192 hazina meza hiyo.

Wapo pia wanaobaki ndani ya bustani usiku wa kimbunga. Ni vikosi maalumu vya mafundi, walinzi, wapishi na watunza wanyama, wanaolala kwenye vitanda vya kukunja na kutoka kukipambazuka kuondoa miti na kukagua mashine. Ninawaheshimu sana. Hasa nawafikiria wale wa Animal Kingdom, bustani ya Disney yenye wanyama. Bustani ile ina kijiji cha kubuni cha Afrika Mashariki kiitwacho Harambe, safari ya Kilimanjaro, na hoteli ya jirani yenye nyumba zilizopewa majina ya Jambo na Kidani. Nilipoingia mara ya kwanza nikakuta mabango ya Kiswahili ukutani, nilisimama nikayasoma yote, nikitamani nyumbani. Upepo ukija, twiga na ndovu huingizwa katika mabanda imara na watunzaji wao hukaa nao mpaka upite. Watu wengi huniuliza habari za wanyama hao baada ya kimbunga. Ni swali jema. Natamani liulizwe pia la watunzaji: nyumba zao nani alikaa nazo?

Kuna jambo la ardhi, na nalo lina uzito wake. Sehemu kubwa ya eneo hili ilikuwa kinamasi. Mwaka 1967 Bunge la Florida liliunda wilaya maalumu, Reedy Creek Improvement District, kusimamia ardhi ya Disney. Ikachimba mifereji na kuweka milango inayopanda na kushuka yenyewe kulingana na maji. Tangu 2023 jina lake ni Central Florida Tourism Oversight District, lakini mifereji ni ileile. Mvua kubwa ikinyesha, maji yana njia. Wageni wanapoona bustani zimekauka kesho yake husema ni uchawi wa Disney. Ni mitaro. Ni uhandisi wa miaka zaidi ya hamsini, uliolipiwa na kutunzwa.

Twende sasa Orlo Vista, mtaa wa watu wa kipato cha chini magharibi mwa Orlando, si mbali na Universal. Irma ilipopita 2017 maji yaliingia majumbani. Yakazungumzwa ya kupanua mabwawa ya kupokea maji. Ian ikaja Septemba 2022, mradi bado haujakamilika, na watu wakatolewa tena kwa mashua, wengine haohao, kutoka milango ileile. Au njoo Kissimmee, kwenye makazi ya wazee ya Good Samaritan, kando ya Shingle Creek. Kijito hicho huanzia Orlando na kumwaga Ziwa Tohopekaliga, kwa hiyo maji ya mji mzima hufika kwetu yakiwa yamechelewa. Ian ilikuwa imeshaondoka, jua limetoka, bustani zimeanza kufunguliwa tena Septemba 30, na huku maji yalikuwa yanazidi kupanda wazee wakiwa ndani. Bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko. Ya mafuriko hununuliwa peke yake, na ile ya mpango wa serikali, kwa kawaida, husubiri siku 30 kabla ya kuanza kufanya kazi. Aliyepanga nyumba mara nyingi hajui hata kwamba ipo.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na eneo letu lote linaishi kwa hilo. Mwaka 2023 Orlando ilipokea wageni milioni 74. Hakuna anayetaka bustani zikae zimefungwa, na mimi ni wa mwisho kulitaka, kwa sababu zikifungwa mimi pia sili. Ninachokataa ni namna habari za kimbunga zinavyoishia pale bustani zinapofunguliwa. Vyombo vya habari vikisema "Orlando imerejea kawaida," maana yake milango ya kulipia imefunguliwa. Baada ya Milton wateja zaidi ya milioni 3 wa umeme Florida walikuwa gizani. Mabasi ya Lynx, ambayo wengi wetu huyategemea, yalikuwa yamesimama. Kazi imefunguliwa, basi hakuna, gari halina mafuta, shule haijafunguliwa na mtoto hana pa kukaa. Mtu akikosa shifti ya Ijumaa hiyo, anaandikiwa hakufika.

Hata jirani yangu wa Puerto Rico yuko hapa kwa sababu ya kimbunga. Maria ilipoiangamiza Puerto Rico Septemba 20, 2017, maelfu walikuja Florida ya kati, na serikali ikawalipia wengi wao vyumba katika moteli za barabara hii hii ya 192. Mpango ukaisha mwaka uliofuata. Kuna waliorudi, na kuna waliobaki katika moteli zilezile wakijilipia wenyewe kwa wiki, familia nzima chumba kimoja, wakifanya kazi bustanini. Watoto wao, kwa hesabu ya shule, ni watoto wasio na makazi. Kimbunga kikija, chumba hicho cha familia kinatafutwa pia na mkimbizi wa Tampa mwenye fedha taslimu. Sheria ya Florida inakataza kupandisha bei kiholela wakati wa dharura, vyumba vikiwemo, na nimefurahi kuona ikitajwa redioni. Ila haimkingi mtu aliyechelewesha malipo ya wiki kwa sababu kazi ilifungwa.

Sisi watu wa pwani ya Afrika Mashariki haya si mageni kabisa. Mei mwaka huohuo wa 2024, Kimbunga Hidaya kilipoisogelea pwani ya Tanzania, boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zilisimama. Mamangu akanipigia kutoka Likoni kuniuliza kama haya mambo ya Marekani sasa yanawafuata. Nilimuuliza nani alikuwa akilalamika. Akanijibu: wauza samaki. Hoteli zilikuwa na wageni wao ndani, wamekula, wanangojea upepo upite. Muuza samaki hakuwa na samaki.

Binamu yangu na familia walipata siku moja ya Magic Kingdom, Jumamosi, kwenye umati wa watu wote waliobanwa siku mbili. Walisimama foleni ndefu, wakatoka wamechoka, binti akiwa amefuta kurasa tatu za ratiba yake na kuzungushia moja. Safari yao ya ndege ilisogezwa hadi Jumapili usiku. Wifi yangu, kabla hajaondoka, alitandika vitanda mwenyewe na kukusanya taulo mlangoni. Alishamwona yule mama wa Bukavu akisukuma mkokoteni.

Ndugu wengi wa huku Marekani, Kanada na Uingereza huniandikia kuniuliza lini waje. Msimu wa vimbunga ni Juni 1 hadi Novemba 30, na kilele chake ni Septemba. Bei hushuka kipindi hicho, ndiyo sababu wenye watoto na kipato kidogo hukichagua, na siwezi kuwaambia wasije. Njooni, lakini nunueni bima siku mnayolipia safari, msingoje kusikia jina la kimbunga. Someni masharti ya nyumba mnayopanga, mkae nayo kwenye simu. Mkifika, jazeni tangi la mafuta na lisishuke chini ya nusu. Onyo likitoka na mna njia ya kuondoka, ondokeni mapema, maana chumba mtakachokiacha kuna mtu yuko barabarani na bibi yake anakihitaji.

Na mkibahatika kukaa mpaka bustani zifunguliwe, jueni kwamba anayegonga mlango wenu asubuhi hiyo huenda ameoga kwa maji ya ndoo gizani. Msimwulize kwa nini chumba kimechelewa. Mwulizeni kwao kukoje. Mwachieni kitu mkononi mwake yeye mwenyewe, taslimu, kwa sababu saa zake za Jumatano na Alhamisi hakuna atakayezilipa.